Pumzi ya Upande wa Kushoto

Mwaka reli ilipofika Morogoro mjini, mimi niliugua kifua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini, hata leo sijui vizuri. Mhudumu wa hospitali aliutaja kwa Kijerumani, mjomba wangu aliuita kichomi, na majirani waliupa majina ambayo heri nisiyaandike. Ninachojua ni jinsi ulivyoniingia na jinsi ulivyonitoka. Nitayaeleza hayo tu, kwa ajili ya mtu ambaye leo amelalia ubavu mmoja kwa kuwa wa pili haulaliki, naye anahesabu fito za paa akingoja kuche.

Naitwa Agatha. Kijiji chetu kiko juu milimani, nusu siku kwa miguu kutoka mjini ukiwa na mzigo. Sisi wanawake tulikuwa tukishuka alfajiri na vikapu vya njegere na kabichi, tunauza, tunapanda siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa wa mbele siku zote. Kukaa kitako sikukujua: nilikula nimesimama, nilimenya maharage nikitembea uani, na kanisani nilimaliza sala kabla ya wenzangu. Mume wangu Simoni, seremala wa misheni na mtu wa taratibu, alizoea kuniuliza, "Mke wangu, unakimbilia wapi?"

Masika hayo mvua ilinipiga njiani kutoka sokoni, nikafika nyumbani nimelowa mpaka mifupa. Siku ya tatu homa ilinishika. Siku ya tano kikaja kichomi chenyewe. Kila nikivuta pumzi, kitu kama ncha ya mundu kilinidaka chini ya ziwa la kushoto. Nikajifunza kuvuta kidogo. Kisha kidogo zaidi. Mjomba Mkude, kaka wa mama yangu na mkubwa wa ukoo wetu, alileta mtu wa kupiga chuku, wa kuumika damu kwa pembe. Alama zake ninazo mgongoni, duara sita. Homa ilipungua, lakini pumzi haikurudi. Nilisema maneno mawili, nikatua. Mawili tena, nikatua. Binti yetu Rosa alikuwa na miaka mitatu. Alipoona namna mama yake anavyohangaika kujibu, aliacha kuniita. Jambo hilo liliniuma kuliko kichomi.

Simoni na wenzake wanne walinishusha mjini kwa machela. Tulifikia kwa mama mdogo, mtaa wa Mwembesongo, na kila asubuhi nilikokotwa hadi barazani kwa daktari.

Ningeweza kuandika kitabu kizima juu ya baraza lile. Ukuta ulipakwa chokaa mpaka kimo cha bega, na chini ya hapo ulikuwa mweusi kwa migongo ya watu. Wagonjwa wa macho walikaa upande mmoja, wa vidonda upande mwingine, na sisi wa kikohozi tulisogezwa mwisho. Mlango ulifunguliwa, jina likaitwa, ukafungwa. Nilikuwa nikiinuka kila ulipofunguliwa, ingawa jina halikuwa langu. Mgonjwa wa kifua hawezi kuegemea nyuma, hutaka kuinama mbele, na pale hapakuwa na kitu cha kuinamia. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye jicho bovu alinitazama kwa muda, kisha akageuka akanipa mgongo. "Niegemee, bibie," alisema. "Mgongo wangu umebeba mengi mazito kuliko wewe." Nilimlalia hadi adhuhuri. Sikumjua jina, wala sikumwona tena.

Daktari, Mjerumani mwenye mikono baridi, alinigonga mgongoni kwa vidole kama mtu anayepima nazi. Mhudumu akanitafsiria: "Kuna maji yamejaa nje ya pafu. Yatatolewa kwa sindano." Sindano yenyewe ilikuwa nene kama shazia ya kushonea magunia. Nilikumbatia mto, wakanichoma katikati ya mbavu, na maji ya rangi ya chai nyepesi yakashuka chupani taratibu. Chupa ikajaa, wakaleta ya pili. Jioni hiyo nililala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nikalia kwa raha.

Sindano ya pili ilikuja baada ya siku kumi. Ya tatu ilikuja masika yalipokuwa yanakatika. Kisha nikaambiwa nenda nyumbani, ule vizuri, upumzike.

Upumzike! Niliporudi ilikuwa kipupwe, ukungu unashuka mpaka mlangoni. Nilijitazama nilipokuwa naoga, nikaona mwili wa mtu mwingine. Bega la kushoto limeshuka. Mbavu za upande huo zimeingia ndani kama debe lililobonyezwa. Nikivuta pumzi, upande wa kulia unainuka na wa kushoto umetulia kama si wangu. Simoni alikuwa amekata dirisha ukutani na kuhamishia kitanda chini yake, moshi wa jiko usinifikie. Nilikaa kitandani hapo nikitazama wenzangu wakipita na majembe. Nilisimama, nikaketi. Nilitembea kuelekea kwenye migomba, nikaishia njiani, nikarudi. Mara kumi kwa siku nilijaribu kuvuta pumzi moja kubwa, na mara kumi ilikwama pale pale.

Mjomba Mkude alikuja kunijulia hali. Baada ya salamu akasema lililomleta.

"Mwanangu, shamba la juu lina mteremko mkali. Vuli ikiingia ukiwa hivi, nani atalilima?"

"Mimi," nilisema.

"Wewe hukufika kwenye migomba jana. Nimesikia."

Kwetu ardhi ni ya ukoo, na mjomba ndiye mgawaji. Shamba lile nilipewa na marehemu mama. Nikiliacha msimu mzima, lingepewa Paulina, binti wa mama mdogo mwingine, ambaye alikuwa na nguvu na watoto wanne. Haikuwa dhuluma. Ndivyo inavyokuwa. Lakini aliponiaga, nilijua kwamba nimepewa muda mpaka vuli.

Sasa nimtaje mama mkwe. Bi Tatu, mama yake Simoni, alitoka upande wa Kisaki, kando ya mto Mgeta. Katika vita vya Maji Maji kijiji chao kilichomwa, na yeye akapanda kwetu kumfuata mwanawe. Alikuwa Mwislamu katikati yetu Wakatoliki, mpole, mzito wa maneno. Miaka miwili tuliyokaa nyumba moja, mazungumzo yetu yalikuwa "Shikamoo mama," na "Marahaba, mkaza mwana." Kusema kweli, alinichosha. Alifanya kila kitu polepole.

Siku mbili baada ya mjomba kuja, alinikuta nikijaribu ile pumzi yangu kubwa. Aliweka chini kuni, akaja akanilazia sikio mgongoni bila kuniuliza.

"Unavuta pumzi juu ya pumzi," alisema. "Ya kwanza hujaitoa."

"Nakosa hewa, mama. Nivute nini kama si hewa?"

"Chungu kikijaa maji machafu, unaongeza safi juu yake? Mwaga kwanza."

Alichemsha maji, akayapooza yakawa vuguvugu, akayamimina kwenye chungu kipana. Akaniambia niingize uso, nitoe pumzi ndani ya maji, kidogokidogo, mpaka isibaki hata ya kuzimia mshumaa. Niliona ni upuuzi. Niliingiza uso, nikapuliza kwa kishindo, maji yakamrukia, nikatoka nahema.

"Hapana," alisema. "Polepole. Kama unapooza uji wa mtoto."

Tulifanya hivyo asubuhi na jioni, kipupwe chote. Rosa alidhani ni mchezo, naye akaletewa kibakuli chake. Tulikuwa tukitoa mapovu watatu, uani, na majirani wakipita wanatazama. Siku moja nikagundua kwamba nikimaliza kutoa kabisa, pumzi inayoingia inaingia yenyewe, bila kuitwa, na inashuka chini kidogo kuliko jana. Nilipiga kelele. Bi Tatu akatikisa kichwa tu.

"Sasa twende mtoni," alisema.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza nyumbani. Simoni aliweka randa chini. "Mama, mtu ametolewa maji kifuani chupa kwa chupa, nawe unataka kumtia kwenye maji?"

"Maji ya nje si maji ya ndani," alijibu.

"Akifa?"

"Akikaa hapo dirishani atafanya nini?"

Simoni alinitazama mimi. Nilishakwenda kuchukua kaniki.

Juu ya kijiji mto unaanguka mwambani na kuweka bwawa, refu kama nyumba nne zikipangwa, lina mawe bapa pembeni. Wanawake huoga pale mchana, wanaume hawasogei. Bi Tatu alinikataza kuingia kabla jua halijapasha mawe, na akanitaka nitoke mara tu midomo ikianza kutetemeka, nikalale juu ya jiwe la moto. Maji ya kwetu ni baridi ya kuuma meno. Siku ya kwanza nilikaa ndani kwa muda wa Baba Yetu moja.

Alianza kwa kunilaza kifudifudi juu ya maji, kiganja chake chini ya tumbo langu. Uso ndani, macho yakitazama chini, shingo imelegea. Kisha akatoa kiganja. Nikazama miguu.

"Umeinua kichwa," alisema. "Kichwa kikipanda, miguu inashuka. Tazama chini, huko mbele hakukuhusu."

Kisha ikaja mikono, mmoja mmoja. Nilikuwa nimewaona watoto wetu wakiogelea, wanayapiga maji kama wanapura maharage. Yeye hakutaka kusikia sauti. Mkono uingie kwa vidole, unyooke mbele kama unatafuta kitu mvunguni, uyashike maji, uyapeleke mpaka pajani, utoke. Miguu ichezeshwe kuanzia nyonga, kidogo tu.

"Mbona kimyakimya hivi, mama?"

"Kwetu mashamba yalikuwa ng'ambo na mtumbwi ulikuwa mmoja. Na mto una mamba. Anayeyachapa maji anajitangaza."

Kwenye bwawa letu hapakuwa na mamba, lakini tangu siku hiyo niliogelea kana kwamba wapo.

Kilichonishinda ni kupumua. Nilikuwa nikiinua kichwa chote juu, nadaka hewa kama kuku anywaye maji, kisha nazama. Bi Tatu alinionyesha mwenyewe. Mama yule wa makamo aliingia kwenye maji akawa mtu mwingine. Hakuinua kichwa kabisa. Mwili wote ulilalia ubavu, mkono mmoja umenyooka mbele, uso ukageuka pamoja na bega, sikio na jicho moja vikabaki majini, mdomo ukapata hewa kwenye kibonde kidogo ambacho kichwa chenyewe kilikichimba. Kisha akarudi, akaanza kutoa mapovu tena. Alivuka bwawa bila haraka hata kidogo, na alifika kabla sijamaliza kushangaa.

Nilijaribu kugeukia kulia, upande wangu mzima. Baada ya wiki mbili niliweza mizunguko minne ya mikono. Nilifurahi, na furaha ikaniharibu. Siku moja alipokuwa akisali Adhuhuri nyuma ya jiwe, nilijitosa peke yangu ili nivuke bwawa lote. Katikati nilipungukiwa, nikainua kichwa kutafuta mwisho wa maji, nikameza. Nilikohoa ndani ya maji. Nakumbuka kijani, na kifua kikibana kama mlango uliofungwa kwa komeo. Mkono wake ulinishika nywele.

Jioni hiyo homa ilipanda. Simoni hakumsemesha mama yake siku tatu. Mjomba alikuja, akasema, "Maji yamerudi kifuani," naye alisema kwa huruma, jambo lililoniudhi zaidi.

Siku ya pili ya homa, Bi Tatu aliketi pembeni ya kitanda. Alizungumza akitazama nje.

"Siku tuliyokimbia askari, tulivuka mto watu wawili. Mimi na mdogo wangu, Mwajabu. Mto ulikuwa umejaa. Yeye alikuwa na nguvu kuliko mimi. Katikati akaanza kuinua kichwa kutafuta ng'ambo. Nikamwambia tazama chini. Hakunisikia. Mimi nilifika."

Nilimshika mkono, naye akaniachia.

"Sikukuacha peke yako kwa kupenda, mwanangu," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita mwanangu.

Homa ilipoachia, Simoni alinipeleka mjini tena. Baraza lile lile, ukuta ule ule. Safari hii nilitembea kwa miguu yangu kwenda, nikipumzika mara nyingi, na sikuliona hilo kuwa kitu mpaka tulipokuwa tumekwisha kuketi. Daktari akagonga, akasikiliza, akachoma sindano. Nikangoja chupa. Hapakushuka kitu. Akachoma chini kidogo. Hakuna.

"Imetoka kavu," mhudumu alisema. "Anauliza, umekuwa ukifanya nini?"

"Mwambie naogelea."

Walisemezana. Daktari akanitazama kama vile nimemwambia naruka angani. Kisha akasema neno fupi, na mhudumu akacheka. "Anasema usiogelee ukiwa na homa."

Njiani tukipanda, tulipofika kijito cha kwanza, Simoni alisimama. "Nitamwomba mama msamaha," alisema. Alimwomba, mbele yangu, na kesho yake alikwenda bwawani kabla ya wanawake, akapanga mawe kingoni ili tupate pa kukanyagia.

Tulianza upya. Sasa Bi Tatu alitaka nigeukie kushoto. Nilikataa, nikasihi, nikakasirika. Nikigeukia kushoto, mkono wa kulia unanyooka mbele na ubavu mbovu unabaki juu, unafunguka, na pale ndani palikuwa pameganda. Uliuma kama ngozi kavu inayokunjuliwa. Aliniambia nitoe pumzi kwa hesabu ya mikono mitatu, kisha nigeukie upande utakaoangukiwa na hesabu, hata kama siupendi. Kulia, kushoto, kulia. Kiangazi kikaingia, mto ukapungua, jua likawa kali. Sikuona siku ambayo mambo yalibadilika. Niliona tu kwamba nimemaliza kumsimulia Rosa hadithi bila kutua, na kwamba ameanza tena kuniita kutoka uani, "Mama! Mama!" kwa mambo yasiyo na maana, mara ishirini kwa siku.

Nilivuka bwawa lote wiki moja kabla ya vuli. Bi Tatu alikuwa ng'ambo, ndani ya maji mpaka kiunoni, na sikumtazama hata mara moja, nilitazama mawe ya chini yakipita. Vidole vyangu vilipogusa tumbo lake, alisema, "Rudi."

Nikarudi.

Wagonjwa wanaoniuliza huniuliza kama nimepona. Ubavu wa kushoto bado umeingia kidogo, na kipupwe kikija unauma. Sitamwambia mtu aende mtoni bila mtu anayejua maji, wala aache daktari, wala amwache mganga ambaye humwendea. Ninachoweza kumwambia ni kwamba siku za kukaa dirishani zilikuwa ndefu kuliko zote, na hata hizo ziliisha. Na nimalizie na siku ya shamba la juu, kwa sababu mimi mwenyewe napenda kuisimulia.

Mawingu ya vuli yalikuwa yamejikusanya asubuhi hiyo. Jirani akapita akaniambia kwamba Paulina na mjomba wako shamba la juu, wanalima. Wanalima! Mvua haijadondoka. Nilichukua jembe. Bi Tatu alisema tu, "Toa kwa hatua tatu," nami nilikuwa nimeshatoka.

Mteremko ule unapandwa kwa kushika nyasi. Hatua tatu natoa, mbili naingiza. Nilipotaka kukimbia, nilijizuia. Nilipotaka kutazama juu nione bado kiasi gani, nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilifika, nikawakuta. Paulina alikuwa amelima robo ya shamba, mjomba ameketi juu ya kisiki.

Sikuwaamkia, Mungu anisamehe. Nilianza papo hapo. Nilimwambia mjomba kwamba tulikubaliana vuli na vuli haijaingia, kwamba marehemu mama alilifungua shamba hili kwa mikono yake akiwa na mimba yangu, kwamba ugonjwa si kifo, na kwamba mtu akitaka kumrithi mwenzake angoje kwanza azikwe. Na Paulina nikamwambia yake, na mume wake nikamwambia yake ijapokuwa hakuwepo.

Nilipomaliza, mjomba alikuwa amenitumbulia macho.

"Agatha," alisema polepole, "umepanda kutoka nyumbani sasa hivi?"

"Sasa hivi. Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Akajishika magoti, akainuka. "Mimi nilikuwa naligawa shamba la mgonjwa. Sikuambiwa kuwa mgonjwa ana pumzi ya kututukana mpaka mashemeji." Akamgeukia Paulina. "Ulicholima, mtagawana mavuno yake msimu huu. Shamba ni lake."

Paulina alikuwa anajizuia kucheka. "Mimi nililetwa tu, dada," alisema. "Mgongo unaniuma tangu asubuhi. Njoo."

Nililima tuta moja. La pili nilifika katikati, miguu ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likanitoka, nikaketi kwenye udongo uliolimwa.

"Nimwite Simoni?" Paulina aliuliza.

"Usimwite mtu. Kaa."

Akakaa. Mawingu yalikuwa yamefika shingoni mwa mlima, na upepo ulikuwa na harufu ya mvua ya mbali. Nilitoa pumzi mpaka ikaisha, nikaacha nyingine iingie. Miguu ilipotulia, niliinuka nikamalizia tuta langu.